Barua ya Malalamiko Iliyojaa Shukrani

Ingia mtaa wa Hamriya, huku Uarabuni, kwa upande wa maduka ya vitambaa, uulize baraza ya kina Breki, utaonyeshwa hata na asiyejua Kiswahili. Ni benchi refu la mbao, limeegemea ukuta wa fundi cherehani, chini ya jengo la ghorofa tatu lisilo na lifti. Hapo, mwaka ule wa tisini na tisa, watu wazima watatu wa asili ya Unguja walikuwa wakikutana kila baada ya sala ya alasiri kuirekebisha dunia. Suud alikuwa dereva wa basi la skuli mpaka alipostaafu, na jina la Breki alilipata kwa kuwa miaka ishirini na sita hakuna aliyemwona akipita gari la mtu. Zahor walimwita Katibu. Ujanani alikuwa karani wa mahakama kule Unguja, na mpaka leo hatoki nyumbani bila kalamu tatu mfukoni. Yaarub wakimwita Redio, na huyo hana haja ya maelezo. Kahawa yao haikutoka mkahawani. Ilishuka kwa kamba, chupa na vifinjani ndani ya kikapu, kutoka dirisha la ghorofa ya tatu, na aliyeishusha ni Bi Kheiria, mama yake Suud, bibi wa miaka themanini na mbili. Jumamosi hiyo kikapu kilikuwa kishafika, wenzake wamekwisha kunywa vifinjani viwili viwili, na Suud hajagusa chake. Mfukoni mwake mlikuwa na barua.

– Wamejibu, alisema.

– Nani? aliuliza Yaarub, ijapokuwa alikuwa kaiona ile bahasha tangu mwenzake anageuza kona.

– Ofisi ya nyumba.

Zahor aliweka kifinjani chini, akajifuta mikono kwenye kanzu.

– Lete hapa. Barua ile nimeiandika mimi, majibu nayasoma mimi.

Suud akampa. Kiarabu cha ofisini alikijua, na barua alikuwa kaisoma mara nne, lakini alitaka kuisikia kwa mdomo wa mtu mwengine, huenda ikasema kitu chengine.

– "Mheshimiwa Suud," Zahor alianza kutafsiri, ameisogeza karatasi mbali na macho. "Tumeipokea barua yako njema na imetufurahisha mno. Wafanyakazi wote wamesomewa." Unasikia? Wote! "Kwa kuwa mkaguzi wetu alipokutembelea alikuta hali yako ya makazi ni nzuri, na kwa kuwa katika barua yako hukulalamikia jambo lolote, ombi lako la msaada wa kujenga litafungwa siku ya Jumatano, ila ukiwa na la kusema kabla ya hapo."

Cherehani ya fundi ikasikika ndani.

– Hukulalamikia jambo lolote? alisema Yaarub. Na ile ilikuwa barua ya nini? Ya posa?

– Ilikuwa barua ya malalamiko, alisema Zahor. Tena kali.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Suud alikuwa na kiwanja Al Amerat, nyuma ya milima, mawe matupu na mbuzi wa watu. Kujenga hakuweza kwa pensheni yake, ndipo akaomba ule msaada wanaopewa watu wa kipato chake. Watu saba walikaa vyumba viwili pale juu: yeye, mkewe Muhsina, mama yake, binti yao aliyefiwa na mume, na wajukuu watatu. Akaomba, akangoja. Mkaguzi akaja, akatazama, akaondoka, na baada ya miezi likaja jibu kwamba familia haina uhitaji. Baraza ikakasirika. Zahor akakamata kalamu, wakaandika malalamiko, na haya sasa ndiyo majibu yake. Leo Jumamosi. Jumatano ni kufumba na kufumbua.

– Mimi nnajua kilichotokea, alisema Yaarub.

– Tunajua kama unajua, alisema Zahor.

– Yuko Suud mwengine. Tena hapo hapo Al Amerat. Jina lake, jina la baba yake, la babu yake, yote sawasawa na ya Breki. Yule ana jumba, ana mabanda ya ngamia. Mkaguzi alikwenda kwa yule!

– Alikuja kwangu, Yaarub, alisema Suud taratibu. Nilimpa halua.

– Halua unakumbuka. Uso wake je, unaukumbuka?

– Naukumbuka.

– Basi si hilo, alisema Yaarub, wala hakuona haya, akajimiminia kahawa nyengine. Basi ni kompyuta. Sikilizeni nikwambieni. Ikiingia elfu mbili, kompyuta zote za dunia zinarudi mwaka sifuri. Wao ofisini wanajua. Sasa wanafunga mafaili haraka haraka, kila walilokuwa hawana hakika nalo, wasije wakakutwa nayo wazi usiku ule. Wewe Breki faili lako ni la tisini na sita. Kompyuta ikirudi sifuri, itasema huyu mtu hajazaliwa, nyumba anataka ya nini?

– Mwaka sifuri na mimi sikuwepo, alisema Zahor, na pensheni yangu sijaona mtu kuifunga.

– Ngoja Januari.

Suud alitabasamu, hakuweza kujizuia. Ndiyo maana alikuwa anawapenda hawa. Mtu unashuka na donge limekukaa kifuani, unakaa nao robo saa, unajikuta unacheka na donge umelisahau ulipoliweka. Lakini leo halikusahaulika sana. Alitazama juu. Dirisha lilikuwa wazi, pazia linapepea, na mkono wa mama yake, mwembamba, wenye hina ya Idi iliyoanza kufifia, umeshika ile kamba ya kikapu kama kawaida, ukingoja waseme chupa imekwisha.

– Kahawa iko vipi? aliuliza Bi Kheiria kutoka juu.

– Tamu, Bi Kheiria, walijibu wote watatu kwa pamoja.

– Iliki haikuzidi?

– Haikuzidi, mama, alisema Suud. Hujambo wewe?

– Sijambo, mwanangu. Sina neno.

Hilo ndilo jibu lake kila siku. Zahor alikohoa, akarudi kwenye barua.

– Mimi nnavyoisoma hii, alisema, hii si barua ya kukataa. Nyinyi hamjui lugha ya serikali. Mtu anakwambia barua yako imetufurahisha, wafanyakazi wote wamesomewa, huyo anataka kukukataa? Huyo anakupima adabu. Wanaona, huyu mtu mstaarabu, hebu tumwone atavumilia mpaka lini. Akivumilia, tunampa ya vyumba vitano badala ya vitatu.

– Na Jumatano wanafunga, alisema Suud.

– Wanafunga mlango mdogo, wanafungua mkubwa.

– Tumbe! Yaarub alipiga paja. Nishaelewa! Hawataki mtu ajenge pale. Watalikata jabali, barabara ipite, na kiwanja chako kiko katikati. Pale kwako patakuwa duwara, na magari yatakuwa yanakuzunguka usiku na mchana.

– Pale kwake pana mbuzi, alisema Zahor.

– Watawazunguka mbuzi!

Walikuwa bado wanacheka mwanamke alipotoka dukani kwa fundi. Alikuwa mtu mzima kiasi, amevaa gauni refu na mtandio begani, na mkoba wa nailoni mkononi. Fundi alikuwa kamwambia angoje vifungo, na ndani mlikuwa na joto la pasi.

– Shikamooni wazee wangu, alisema.

Kiswahili kile kiliwageuza shingo wote.

– Marahaba, marahaba, alisema Yaarub. Umetoka bara wewe.

– Bukoba, baba. Naitwa Paulina. Nafanya kazi Khuwair ya Kusini, nimefuata yunifomu za watoto wa bosi. Naomba nikae hapa nje kidogo, dereva bado hajaja.

Wakajisogeza, wakamwachia ncha nzima ya benchi. Zahor akamsuuzia kifinjani kwa maji ya chupa, akammiminia. Paulina akaonja, akafumba macho.

– Hii kahawa ya nani?

– Ya Bi Kheiria, alisema Suud, akaonyesha juu kwa kidevu.

Paulina akatazama juu, akaona kikapu, kamba, na mkono. Akapunga wake. Mkono wa juu ukapunga pia.

Yaarub hakumwachia anywe kwa raha. Mgeni kwake ni sawa na betri mpya. Akamwelezea habari yote, ombi, mkaguzi, malalamiko, majibu, Jumatano, akaongeza na kompyuta na duwara. Paulina alisikiliza mpaka mwisho, kifinjani kimemkauka mkononi.

– Samahani baba, alisema. Na kwenye hiyo barua ya malalamiko, mliandika nini?

– Alaa! alisema Zahor. Nakala ninayo.

Alikuwa nayo kweli. Aliitoa katika mfuko wa ndani, karatasi tatu za kaboni zilizokunjwa mara nane, akakaa sawa, akasafisha koo.

– Ukurasa wa kwanza, salamu. Nimemsalimu mkuu wa ofisi, na jamaa zake, na waliomlea. Kiarabu chake safi, nakufupishia tu. Ukurasa wa pili nimemsifu. Nimesifu jengo lao, ubaridi wake, na yule bawabu aliyemfungulia Suud mlango na kumpa kiti. Nimemsifu mkaguzi kwa tabia zake nzuri alipokuja kwetu. Ukurasa wa tatu ni dua.

– Na malalamiko yako wapi?

– Yamo.

– Wapi, baba?

Zahor akageuza karatasi. Akairudisha. Akashusha miwani.

– Hapa, alisema hatimaye. "Nasi tungali tunangoja kwa furaha."

– Furaha? alisema Yaarub.

– Mwenye akili ataona kwamba mtu aliyengoja miaka mitatu hawezi kuwa na furaha! Ni ukali huo! Tena nilifikiria niutoe, nikaona nimemchoma mno.

Yaarub alicheka mpaka akajishika mbavu. Paulina naye alijizuia kwa kuonyesha heshima, akashindwa, akacheka ndani ya mtandio. Suud hakucheka. Alikuwa anakumbuka ile siku wanaiandika. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia Zahor apunguze. Zahor alikuwa kaandika "tumesikitika kidogo," na Suud akasema hapana, futa, watatuona watu gani sisi.

– Lakini mkaguzi si alikuja na macho yake? aliuliza Paulina. Watu saba vyumba viwili, hakuona?

Hapo Suud akainama. Kifinjani chake kilikuwa kimepoa kabisa.

– Hakuona, alisema.

– Hakuonaje?

– Mgeni alikuwa anakuja, Paulina. Huwezi kumkaribisha mgeni ndani ya fujo. Muhsina aliazima zulia kwa jirani, na mito. Magodoro ya watoto tukayashusha kwa fundi huyu hapa, nyuma ya vitambaa. Watoto na mama yao wakaenda kushinda kwa khalati yao, mama mdogo. Nyumba ikawa kubwa, hata mimi nilishangaa. Tukamkalisha, tukampa halua, kahawa, tikiti.

– Halafu akauliza?

– Akauliza, mna dhiki gani?

– Ukajibu nini?

Suud aliona uso unampata moto.

– Nikasema, alhamdulillahi.

Paulina alimtazama, akamtazama Zahor, akamtazama na Yaarub.

– Na mama je? Bibi wa juu? Aliulizwa?

– Aliulizwa. Akasema sina neno, mwanangu, ongeza halua.

Zahor alikuwa anazikunja kaboni zake taratibu, mara moja, mara mbili, mara tatu.

– Nyinyi wazee wangu, alisema Paulina, na sauti yake ilikuwa ya upole kama ya mtu anayezungumza na baba zake. Mimi mwaka wangu wa kwanza hapa nilitaka likizo nikamwone mama yangu. Nikaona haya kuomba. Nikaanza kumsifia bosi wangu nyumba yake. Mama, nyumba yako nzuri, mama, nyumba yako inang'aa. Nikijua ataelewa. Wiki nzima. Unajua alifanyaje? Akaona napenda sana nyumba ile, akaniongezea ghorofa ya juu niisafishe. Toka siku hiyo nikitaka likizo nasema likizo.

– Na hakukuona huna adabu? aliuliza Suud. Aliuliza kweli, alitaka kujua.

– Alisema, mbona hukusema tangu zamani?

Fundi aliita kutoka ndani kwamba vifungo bado vinne. Gari moja likapita polepole, likawalazimisha wote kurudisha miguu chini ya benchi. Zahor akachomoa kalamu, akaitazama, akairudisha mfukoni, akachomoa nyengine.

– Basi tuandike nyengine, alisema. Kali khasa. Ukurasa mmoja wa salamu tu.

– Tuweke na barabara, alisema Yaarub, kwamba tunajua.

– Barabara uache wewe!

– Tuseme chumba kidogo, alisema Suud. Si sana. Tuseme... chumba chatosha, ila kama kingekuwa kikubwa kidogo ingekuwa...

– Ingekuwa kheri, alimalizia Zahor, akiandika.

– Ingekuwa kheri, ndiyo.

Paulina aliweka kifinjani chini. Alikuwa ameanza kutazama juu tena, kule dirishani, ambako mkono ulikuwa unaivuta kamba kwa vipande, kikapu kitupu kinapanda kikigonga ukuta. Kilifika ghorofa ya pili kikanasa kwenye kiyoyozi cha mtu. Mkono ukakitingisha kwa ustadi, kikanasuka. Wale watatu hawakuinua hata macho. Wameshazoea.

– Wazee, alisema Paulina. Na huyu bibi, mbona hashuki mwenyewe?

Ilikuwa suali la kawaida kabisa. Mtoto angeweza kuliuliza. Yaarub alimtazama Zahor, Zahor alimtazama Suud, na Suud akafungua mdomo aseme lile analojiambia siku zote, kwamba mama kapenda kukaa juu, anapata upepo, hana neno. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Katika miaka yote hiyo ya kahawa hakuna aliyewahi kuuliza, si baraza, si mkaguzi, si yeye.

– Ngazi arobaini na nne, sauti ilisema kutoka juu.

Wakainua nyuso. Bi Kheiria alikuwa ametoa kichwa dirishani, buibui lake limemzunguka uso, na macho yake yako kwa Paulina, kwa mgeni, si kwa mwanawe.

– Ngazi arobaini na nne, mwanangu. Nimezihesabu. Mara ya mwisho kuzishuka kwa miguu yangu ilikuwa Idi ya mwaka juzi, na ya thalathini ndiyo iliyonishinda, nikakaa pale pale nikalia. Magoti hayataki tena. Nikienda hospitali Suud hunibeba mgongoni. Na yeye mtu mzima, mgongo unamuuma. Nnamsikia anavyohema. Tukifika namuuliza, vipi mwanangu, ananambia, sijambo mama, sina neno.

Suud alisimama. Hakujua kwa nini alisimama.

– Mama, alisema. Mama, mbona hukunambia?

– Na wewe mbona hukunambia?

Ndani ya duka cherehani ilikuwa imesimama, fundi naye anasikiliza, na huyo fundi ni Mmalabari wa Uhindini, hajui neno la Kiswahili. Suud alibaki amemtazama mama yake kule juu, na mama yake amemtazama yeye hapa chini, ghorofa tatu baina yao, na akahisi uchungu na raha vimemjia kwa wakati mmoja, asijue aanze na kipi. Miaka miwili wamekaa chumba kimoja wakisitiriana.

– Nataka udongo, alisema Bi Kheiria, polepole zaidi sasa, kama aliyeonja kitu akaona kinalika. Hata ukiwa wa mawe. Nikae mlangoni kwangu, niweke mguu chini. Hao mbuzi mnaowacheka nitawafukuza mimi.

Zahor aliangalia alichokwisha kuandika. Akakiondoa kile kipande cha karatasi, akakikunja, akakikalia. Akatandika karatasi mpya juu ya paja.

– Salamu niweke kiasi gani? aliuliza.

– Asalaam alaykum inatosha, alisema Bi Kheiria.

– Halafu nianze vipi? Breki? Suud?

Suud alijipangusa uso kwa kiganja. Alimtazama Paulina, naye akamwitikia kwa kichwa, kama unavyomwitikia mtoto anayetaka kuvuka barabara. Kesho Jumapili, siku ya kazi huku, ofisi inafunguliwa saa moja na nusu asubuhi. Ataipeleka kwa mkono wake, na wakimuuliza dirishani hali ya nyumbani, atawasomea.

– Andika, alisema. Tuna shida.

Alilisema kwa nguvu, mpaka muuza vitambaa wa ng'ambo akageuka. Lilikuwa neno ambalo hajawahi kulisema mbele za watu tangu azaliwe, na hakuna aliyemcheka.